MAKABURINI KUNA WENYEJI: Kutoka Kunduchi hadi Kaole

NANI kasema makaburini hakuna watu wanaoishi? Basi tuseme hakuna watu, lakini wenyeji wapo, tena tele, na wala si hao unaowafikiria wewe.

Mpenzi msomaji, nawajua watu wazima na ndevu zao ambao wakipita karibu na makaburi saa moja jioni wanavuka barabara wakatembee upande wa pili. Ukiwauliza, wanasema wanakwepa matope. Matope gani Januari? Hofu hiyo imetusaidia sana bila sisi kujua. Pale ambapo mwanadamu anaogopa kukata kuni, ndege anajenga kiota. Pale ambapo hakuna anayethubutu kulima mchicha, mti unazeeka mpaka unakuwa babu wa mtaa.

Wiki hii, badala ya kukupeleka ufukweni kula mishikaki kama kawaida yetu, nakupeleka makaburini. Usikunje uso. Ni safari ya siku moja tu, kutoka Dar es Salaam kuelekea kaskazini mpaka Kaole, jirani na mji wa Bagamoyo, na jioni unarudi kwako salama.

Angalia kwanza barabara yenyewe. Kuanzia Tegeta, Bunju hadi Mapinga, ardhi yote imekwisha kupimwa kwa hatua za miguu. Kila penye uwazi pana tofali, na kila penye tofali pana bango la "kiwanja hiki hakiuzwi" (na ukipiga simu unaambiwa bei). Miti mikubwa imeondoka. Ukiona mbuyu au mkwaju mnene umesimama peke yake katikati ya mabati mapya, usiulize mara mbili. Nenda chini yake utazame majani yaliyokauka, na mara nyingi utakuta mawe yamepangwa. Pana mtu amelala pale.

MIBUYU YA KUNDUCHI

Kituo cha kwanza ni magofu ya Kunduchi. Wakazi wengi wa Dar wanaijua Kunduchi kwa mabwawa ya kuogelea na kokoto, wala hawajui kwamba pana msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, mengi yakiwa ya karne ya 18. Kaburi la nguzo ni kaburi la mawe ya matumbawe na chokaa lenye mnara umesimama kichwani kwake. Kwenye minara na kuta waungwana wa enzi hizo walipachika mabakuli ya kaure kutoka China, kama sisi tunavyoweka vyombo vya kioo kwenye kabati la sebuleni ili mgeni ajue hapa si pa mchezo. Mengi hayapo tena, yamebaki matundu yake ya mviringo.

Na katika matundu hayo kuna wapangaji! Nilichungulia moja nikakuta mjusi ananitazama bila hata kupepesa jicho, kama mwenye nyumba aliyesumbuliwa na mtu wa bili ya maji. Chini yake kulikuwa na konokono wale wakubwa, saba kwa hesabu yangu, wamejibana kwenye kivuli cha ukuta. Konokono hao hawako pale kwa bahati. Gamba la konokono limejengwa kwa chokaa, na chokaa hiyo lazima aitoe mahali. Kaburi la matumbawe kwake ni duka la vifaa vya ujenzi. Usiku anatoka, anaparuza ukuta taratibu kwa ulimi wake wenye meno madogo yasiyoonekana kwa macho, anajipatia dozi yake, kisha anarudi kulala. Mzee aliyejengewa kaburi hilo miaka zaidi ya mia mbili iliyopita hakujua kwamba anawajengea nyumba viumbe wengine.

Juu ya yote hayo imesimama mibuyu. Sasa mbuyu ni mti ambao tumeuzoea mpaka hatuuoni. Tunakula ubuyu wa Zanzibar wenye rangi nyekundu, vidole vinabaki kama tumepaka hina, basi habari imekwisha. Lakini nenda ukae chini ya mbuyu saa kumi na mbili jioni, kati ya Oktoba na Desemba, uangalie ua lake. Linaning'inia chini kama taa, jeupe, kubwa kuliko kiganja cha mtoto, na linafunguka jua likizama. Harufu yake, tusidanganyane, si ya kupeleka harusini. Ni ya kitu kilichoanza kuoza. Lakini harufu hiyo haikuandaliwa kwa ajili yangu mimi na wewe. Imeandaliwa kwa popo. Popo wala matunda wanakuja gizani, wanazamisha uso kwenye ua wakinyonya utamu wake, wanatoka wamejaa unga wa ua kifuani, wanakwenda kwenye mbuyu mwingine. Asubuhi ua limenyauka, limeanguka. Usiku mmoja tu!

Kwa hiyo yule popo wa makaburini unayemuogopa, ambaye bibi yako alikuambia ni mchawi kasafiri, ndiye anayeleta mabuyu. Ukitaka ubuyu, mvumilie popo.

Kuhusu umri wa mibuyu, kila mtaa una wake. Hapa utaambiwa mia tatu, pale mia tano, mwingine anakwambia elfu akiwa ameshika soda. Mbuyu haukubali kuhesabiwa kirahisi kwa sababu ukizeeka unakuwa na uwazi ndani. Wataalamu wanatumia vipimo vya kaboni, na mibuyu iliyovuka miaka elfu imethibitishwa kusini mwa Afrika. Habari ya kusikitisha ni kwamba mwaka 2018 watafiti walitangaza kuwa kati ya mibuyu 13 iliyokuwa mizee kuliko yote waliyoipima barani humu, 9 ilikuwa imekufa, au sehemu zake za kale zimeanguka, tangu mwaka 2005. Wanashuku mabadiliko ya hali ya hewa. Nilipokumbuka hilo nilijikuta naupapasa mbuyu wa Kunduchi kama mtu anayempima mtoto homa.

MISALABA NA MINYORORO

Bagamoyo tuliingia saa nne na ushee, daladala imejaa mpaka kondakta ananing'inia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye misheni ya Wakatoliki, ambayo ilianzishwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868. Unaingia kwa njia iliyopangwa miembe mizee pande zote, ubaridi wake ni kama umefungua friji.

Karibu na mnara wa kanisa la kwanza upo mbuyu mkubwa wenye mnyororo. Inasimuliwa kwamba mama mmoja Mfaransa, mwishoni mwa karne ya 19, alifunga mnyororo pale kwa ajili ya punda wake. Punda akaenda zake, mama akaenda zake, mnyororo ukasahaulika. Mti ukaendelea kunenepa mpaka ukaumeza. Leo kinachoonekana ni kipande tu kinachochomoza kwenye gome. Watoto wa shule wanakivuta kwa zamu kila wanapoletwa kutembea, lakini mbuyu hauachii.

Mnara huohuo ndio uliolaza mwili wa David Livingstone usiku mmoja mwezi Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa karibu miezi tisa kutoka kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Habari hiyo inajulikana. Isiyotajwa sana ni ya mti. Kabla ya kuondoka Chitambo, wale mabwana waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu, jamii ya mbura tunaoujua sisi, na Jacob Wainwright akachonga maandishi kwenye shina lake. Mti wenyewe ndio ukawa jiwe la kaburi. Lakini mti si jiwe bwana, mti unaugua, unaliwa na wadudu. Mwaka 1899 ulikatwa, na kile kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Mwili ulikuwa Westminster Abbey tangu Aprili 1874, na robo karne baadaye jiwe la moyo nalo likafuata. Nilikuwa nalifikiria hilo wakati napita kwenye makaburi ya mapadri, nyuma ya pango la Bikira Maria.

Makaburi hayo ni madogo, safi, misalaba kwa safu. Soma miaka. Wengi walikufa hawajafika hata arobaini, wengine walikuwa vijana kabisa, homa ya malaria imewamaliza kabla hawajajua Kiswahili cha kutosha kujadiliana bei ya samaki. Yupo mbu aliyewaua, na wajukuu wake wapo mpaka leo kwenye vichaka vilevile. Walinishukia vifundoni bila kuniuliza dini.

Inama sasa uangalie mawe yenyewe. Yana madoa: ya kijivu, ya kijani kibichi cha kufifia, mengine ya njano ya ndizi mbivu. Mfagiaji anafikiri ni uchafu. Si uchafu. Ni viumbe wanaoitwa kuvumwani, yaani kuvu na mwani wameoana wakaamua kukaa nyumba moja. Mwani anapika chakula kwa mwanga wa jua, kuvu anashikilia jiwe na kutunza unyevu. Ndoa hiyo inakwenda polepole, doa la ukubwa wa sarafu linaweza kuwa na miaka mingi, na sugua moja ya brashi ya chuma inalimaliza. Ndiyo maana kuvumwani wanapenda mawe ya makaburi ya zamani: jiwe halihami, wala haliguswi.

Na usidharau madoa. Wazee wa pwani waliwajua jamaa zao wanaoota kwenye miti kwa jina la marere. Katika karne ya 19 marere yalikusanywa pwani hii na kupakiwa majahazi, yakapelekwa Ulaya kutoa rangi ya zambarau ya kutia nguo. Mabibi wa kule walitembea wamevaa magauni yaliyopata rangi yake kwenye matawi ya huku kwetu, halafu rangi za viwandani zikaja, biashara ikafa. Marere yenyewe yapo yanaendelea na shughuli zake.

Kando ya kaburi moja lililosahauliwa limeota lile ua dogo la waridi-jekundu na jeupe lenye petali tano, ambalo utalikuta kwenye kila makaburi ya mchanga kuanzia Tanga mpaka Mtwara. Mimi naliita ua la makaburini. Asili yake ni Madagaska, halihitaji kumwagiliwa, jua linalichoma na lenyewe linacheka. Watu wa nchi nyingi walikuwa wakilitumia kwa kisukari. Wanasayansi walipolipima katika miaka ya 1950 huko Canada, akina Robert Noble na Charles Beer, walikuta jambo jingine kabisa: linapunguza chembe nyeupe za damu. Kutokana na ua hilo zikapatikana dawa za saratani, vinblastini na vinkristini, na hiyo ya pili hadi leo inatibu watoto wenye saratani ya damu. Ua linaloota juu ya wafu linawatoa watoto mlangoni mwa kaburi! Lakini tafadhali sana, usiende kuchuma ukachemsha. Mmea wenyewe ni sumu, na dawa hizo zinatengenezwa na kupimwa na wenye ujuzi.

KESI YA MKWAJU

Hapa niache kidogo habari za wageni nikusimulie niliyoyakuta njiani, kwenye kijiji kimoja ambacho sitakitaja kwa sababu kesi bado haijaisha.

Nilishuka kununua madafu. Nikaona watu kama ishirini wamekaa kwenye mikeka chini ya mkwaju, mkwaju wa haja, watu watatu hawaukumbatii. Nilidhani msiba. Kumbe ni kikao cha ukoo. Chini ya mkwaju ule kuna makaburi ya wazee wao, mengine yamebaki kingo za mawe tu, na mzizi mmoja umenyanyua kaburi la babu mkubwa mpaka limepasuka katikati kama mkate.

Nikapiga hodi, nikaamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umetoka wapi?"

Bibi alikuwa na miaka themanini hivi, kanga mbili, fimbo mkononi. Nikamwambia natoka Dar, natazama miti ya makaburini. Kikao kizima kikanigeukia. Kijana mmoja mwenye fulana ya mpira, mjukuu wa yule babu mkubwa, akaona nimeletwa na Mungu niwe shahidi wake.

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema eneo lao linanyemelewa. Mtu asiyejulikana amekuja usiku akapanda vigingi vya mpaka hatua kumi tu kutoka kaburi la mwisho. Bila ukuta, mwaka kesho watakuta msingi wa nyumba juu ya wazee wao. Ukuta ni pesa. Pesa hawana. Mkwaju una mkaa wa kutosha kupata angalau matofali na simenti ya kuanzia, na tena ndio huohuo unaopasua makaburi. "Tukiukata tunamwokoa babu mara mbili," alisema. Watu kadhaa wakaguna kwa kukubali. Mimi mwenyewe, nisikufiche, nilianza kumwelewa.

Bibi akauliza swali moja: "Siku ya baraza la ardhi, utaonyesha nini?"

Kijana akasema ataonyesha makaburi.

"Makaburi gani? Mawe haya? Yule mwenye vigingi atasema ni mawe ya kuanika dagaa. Mti huu kila mtu wa rika langu anaujua, mpaka wa kule ng'ambo ya mto. Mti ndiyo hati yetu. Mtu mwenye hati anaichoma mkaa?"

Kimya. Tunda moja la ukwaju likadondoka juu ya mkeka, watu wakatazamana, mmoja akacheka, wote tukacheka.

Mambo yake ni mazito zaidi ya kicheko hicho. Vijiji vingi vya pwani karatasi za ardhi hazipo, na ushahidi wa kwamba ukoo umekaa mahali ni makaburi, visima na miti iliyopandwa au kutunzwa. Sheria inaruhusu makaburi kuhamishwa kwa manufaa ya umma, tunayo tangu 1969, na tumeona yakihamishwa kupisha barabara. Mifupa inachukuliwa kwa heshima, inazikwa upya. Mti hauchukuliwi. Komba, bundi na nyuki wa mti huo hakuna anayewaandikia barua.

Waliafikiana kukata tawi moja tu, lililoelemea upande wa kaburi lililopasuka, na kumngoja mjomba wao wa Tanga kabla ya kuamua mengine. Kijana alikubali shingo upande. Nilipokuwa naondoka alinifuata, akaniambia taratibu, "Lakini bro, vigingi havimngoji mjomba." Na kweli havimngoji.

WALE WANAOLIA USIKU

Nimemtaja komba, ngoja nimmalize. Wengi wanaoapa kwamba wamesikia mtoto mchanga akilia makaburini usiku wa manane hawaongopi. Wamesikia. Ni komba, mnyama mdogo mwenye macho kama taa za pikipiki na mkia mrefu wa manyoya, ambaye mchana analala kwenye tundu la mti mkongwe na usiku anatoka kutafuta wadudu, matunda na utomvu. Akiita mwenziwe, sauti yake ni ya mtoto aliyekosa ziwa. Wagema wanamfahamu kwa tabia nyingine: anapanda mnazi, anakunywa tembo kwenye kibuyu, analewa. Kwa hiyo mzimu wako ni mlevi tu anayetafuta njia ya nyumbani.

Bundi naye kaonewa. Anakaa kwenye magofu na mashimo ya miti kwa sababu hapo ndipo penye panya na penye utulivu. Tunamfukuza kwa mawe kwa kosa la kutabiri misiba, halafu kesho tunakwenda dukani kununua sumu ya panya. Kunguru yule wa Bara Hindi mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na sasa katapakaa pwani nzima, ndiye mwizi halisi: anakula mayai na makinda ya ndege wadogo. Yeye tumemzoea, anatunyang'anya hata chapati.

Si sisi peke yetu wa mambo haya. Kwetu huku Kilimanjaro (nusu yangu ni ya kule) sale hupandwa kwenye makaburi ndani ya kihamba, na hakuna mwenye akili timamu atakayeling'oa. Kenya, ndugu zetu Wamijikenda wana makaya, misitu ya wazee wao ambamo mababu walizikwa na ambamo kukata mti ni kosa la kutozwa fidia ya mnyama. Makaya kadhaa katika mstari wa kilometa kama 200 yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Nje ya misitu hiyo ni mashamba na hoteli. Ndani yake kuna mimea ambayo haionekani tena kwingine kirahisi. Na huko nako vijana wanauliza swali lilelile la matofali.

KAOLE

Kutoka Bagamoyo mjini hadi Kaole ni kama kilometa tano kusini. Ukipita karibu na ufuko utaona makaburi madogo ya askari wa Kijerumani wa miaka ya vita vya Abushiri, yamefagiliwa sana, hata jani halijapewa nafasi. Sikukaa. Mahali palipofagiliwa namna hiyo hapana wa kumhoji.

Kaole ndipo penyewe. Msikiti wa karne ya 13, makaburi ya nguzo, kisima ambacho wenyeji wanasema hakikauki, na mbuyu unaosemekana una miaka 500. Ukiuzunguka, unaambiwa, unaongezewa maisha. Nilizunguka. Nilizunguka na mara ya pili kwa niaba ya mhariri wangu ambaye anavuta sana sigara.

Kinachonivutia pale ni ugomvi wa taratibu kati ya mti na jiwe. Mbegu ya mtini inaangushwa na ndege kwenye ufa wa ukuta. Inaota. Mzizi wake mwembamba kama uzi unaingia kwenye chokaa, miaka ishirini baadaye ni mnene kama mkono, ukuta unafunguka. Watunzaji wa magofu hawawezi kuacha hilo liendelee, lazima wang'oe, na wana haki, kwa sababu kaburi la karne ya 15 likianguka halijengwi tena. Lakini ukisafisha kila kitu, jua linapiga chokaa moja kwa moja, mvua inaichapa, kivuli hakuna, na mijusi na ndege wanahama. Mtunzaji niliyemkuta, mzee wa makamo na panga lake kiunoni, alinieleza mpango wake mwenyewe: miche inayoota juu ya ukuta anaing'oa ikiwa ya urefu wa kidole, miti iliyo mbali na ukuta haigusi. "Mdogo naweza kumwambia ondoka," alisema. "Mkubwa akishaingia ndani, ukimtoa anaondoka na nyumba."

Kisha akanipeleka nyuma, upande wa bahari. Nikauliza bahari iko wapi. Akaonyesha mikoko. Zamani hizo majahazi yalikuja karibu, Kaole ilikuwa bandari. Tope likajaa, mikoko ikashika, mji ukafa polepole na biashara ikahamia Bagamoyo. Mikoko ndiyo iliyoizika bandari ya Kaole, na sasa mikoko hiyohiyo ndiyo inayoyakinga makaburi yake dhidi ya mawimbi. Mchu umechomoza mizizi yake ya kupumulia juu ya tope, maelfu kama penseli zilizopandwa, na kati yake kaa wenye gando moja kubwa jekundu wanapungiana. Yangeyange wawili walikuwa wanatembea humo kwa madaha ya maharusi. Harufu ya chumvi na majani yaliyooza. Mbali kidogo nikasikia shoka likigonga, ko, ko, ko, likanyamaza, likaanza tena. Mtunzaji alisikiliza, akapima upande linakotoka, akafunga kamba za viatu vyake, akaniaga.

UKITAKA KWENDA

Dar es Salaam hadi Bagamoyo magari yapo siku nzima, ondoka alfajiri kabla foleni haijaamka. Vaa nguo za heshima zinazofunika magoti, Kaole wapo wanaofika kuzuru na kusoma dua, si mahali pa bukta. Viatu vya kufunika vidole, maana siafu hawana utani. Chukua maji, na dawa ya mbu kama una misheni kwenye ratiba. Usikanyage kaburi, usiketi juu yake kupiga picha, usisugue madoa ya jiwe ili usome jina. Ngoja jua la jioni likipiga kwa ubavu, herufi zinajitokeza zenyewe. Ukikuta kitambaa chekundu na ubani kwenye shina la mbuyu, viache palepale, vina mwenyewe. Lipa kiingilio na udai risiti. Bodaboda ya kwenda Kaole patana naye kwenda na kurudi kabisa, ukimwachia akangoje bila mapatano, bei ya kurudi ataipanga yeye.